Kirilo Japhet: Aliyepeleka kilio cha Wameru Umoja wa Mataifa

MSAFIRI wa basi atokaye Moshi kwenda Arusha, akishaipita Bomang'ombe na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, hufika King'ori. Wengi hupita hapo wakisinzia. Ni wachache wanaojua kwamba jina la mahali hapo liliwahi kutajwa New York, mbele ya wajumbe wa dunia nzima.

Aliyelipeleka huko ni Kirilo Japhet, Mmeru aliyezaliwa mwaka 1921.

Kisa chenyewe ni cha ardhi. Serikali ya Kiingereza, ikifuata mapendekezo ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947, iliazimia kuwakusanya walowezi wa Kizungu katika eneo moja lisilokatizwa na Waafrika, kati ya milima ya Kilimanjaro na Meru. Wameru wa Engare Nanyuki wakaamriwa kuhama. King'ori ndiko walikotakiwa kwenda, nao walikukataa kwa sababu ya joto na maradhi ya watu na mifugo.

Novemba 17, 1951 askari waliingia. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa katika makazi yao. Wazee na viongozi vijana, Kirilo akiwa mmojawao, walikuwa wamekubaliana kwamba asiwepo wa kuinua mkono. Watu hawakupigana, lakini pia hawakukubali kupokea kile walichopewa badala ya ardhi yao.

Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba hapo ndipo anapojipima na kujiona mdogo. Kumtazama mtu akiichoma nyumba yako, nawe ukaizuia mikono yako, si jambo la woga hata kidogo. Miaka minne ilikuwa bado kabla Wamarekani weusi wa Montgomery hawajaanza kususia mabasi.

Wameru walichangishana fedha, wakaenda Moshi kumtafuta wakili. Mjini hapo alikuwapo Earle Seaton, Mweusi mzaliwa wa Bermuda. Yeye aliufahamu mlango ambao majirani zetu wa Kenya hawakuwa nao: Tanganyika haikuwa koloni bali nchi ya udhamini, hivyo mkazi wake aliweza kupeleka malalamiko moja kwa moja Umoja wa Mataifa.

Seaton alitangulia New York katikati ya mwaka 1952, Kirilo akamfuata. Akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini kwa Kiswahili, Seaton akitafsiri. Anatajwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza katika chombo hicho. Mwalimu Nyerere alifika huko mwaka 1955.

Je, alishinda? Hapana. Baraza lilisikitika tu, likaishia kuzungumzia fidia. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono Wameru, lakini azimio lilipofikishwa katika Baraza Kuu lenyewe lilikosa theluthi mbili ya kura. Mwaka huohuo, Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau, navyo pia chanzo chake kikubwa kilikuwa ardhi.

Mtu mwingine angerudi na kujifungia ndani kwa aibu, hasa baada ya kutumia michango ya wanakijiji. Kirilo alirudi akawaeleza watu wake yaliyotokea, kisha TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 akaingia katika kazi ya kuieneza. Habari ya safari yake ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya Meru. Watu wa majimbo mengine walitaka kumwona mtu aliyemshitaki Mwingereza mbele ya dunia akarudi salama.

Mashamba ya Engare Nanyuki yaliwashinda walowezi baadaye, na Wameru wakarejea. Seaton akawa jaji, akafariki dunia mwaka 1992. Mwaka 1967 wawili hao walichapisha Nairobi kitabu cha kesi hiyo, mteja na wakili wake wakiandika pamoja.