Akii-Bua: Bingwa wa viunzi aliyebeba mizigo mingi

WANAOJITESA kwa vyuma katika kumbi za mazoezi, iwe Kahawa Sukari au Kampala, huanza kwa sababu moja na mara nyingi huendelea kwa sababu nyingine. Maisha ya marehemu John Akii-Bua, Mganda wa kwanza kushinda nishani ya dhahabu katika Olimpiki, yanadhihirisha ukweli huo.

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949, huko Abako katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Babake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya 40. Katika boma hilo kijana huyo alichunga ng'ombe, na masomo yake hayakufika mbali. Alipojiunga na polisi jijini Kampala, alichotafuta kwanza ni riziki. Nguvu za mwili ndizo zilizokuwa mtaji wake.

Katika kikosi hicho alinolewa na Jorem Ochana, afisa aliyekuwa mwenyewe bingwa wa viunzi. Ochana aliweka ufito juu ya kiunzi, na mwanafunzi aliyejiinua kupita kiasi aliugonga kwa kichwa. Baadaye kocha Mwingereza Malcolm Arnold alimhamishia mbio za mita 400 za kuruka viunzi.

Mnamo 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa nne. Baada ya hapo riziki pekee haikutosha kueleza bidii yake. Alivaa kizibao chenye uzito wa takriban kilo 11, akapanda vilima na kuruka viunzi nacho. Mwili uliozoea mzigo huwa mwepesi mzigo unapotuliwa, na manufaa yake huonekana hasa katika mita 100 za mwisho, miguu inapochoka na hatua kufupika.

Septemba 2, 1972, jijini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, yenye kona kali kuliko zote. Alimaliza kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48. Alimshinda Mmarekani Ralph Mann na Mwingereza David Hemery, aliyekuwa akishikilia rekodi ya sekunde 48.12 tangu 1968. Kisha akazunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi visivyokuwapo.

Nyumbani, Idi Amin alimpandisha cheo na kumzawadia nyumba. Hata hivyo, Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila moja na Milton Obote aliyepinduliwa na Amin mnamo 1971, na Walango wengi waliuawa na askari wa utawala huo. Miongoni mwao walikuwa ndugu zake mwenyewe. Mbio zilizomletea sifa sasa zilikuwa pia ngao ya uhai wake, ilhali hazikuweza kuwakinga jamaa zake.

Nafasi ya kutetea taji ilimponyoka mnamo 1976, Uganda iliposusia Michezo ya Montreal pamoja na Kenya na mataifa mengine ya Afrika. Huko Edwin Moses wa Marekani alivunja rekodi yake kwa sekunde 47.64.

Amin alipong'olewa mnamo 1979, bingwa huyo alitorokea Kenya na familia yake, akihofia kuhesabiwa kuwa kibaraka wa utawala ulioanguka. Aliishia katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kuhamia Ujerumani Magharibi na kumpa kazi. Mnamo 1980 aliiwakilisha Uganda tena mjini Moscow, lakini hakuvuka nusu fainali.

Miaka michache baadaye alirejea kwao na kuwa kocha, nguvu zake zikiwa sasa za kuwajenga wengine. Alifariki Juni 20, 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akiacha watoto 11 ambao mama yao alikuwa amemtangulia. Serikali ilimwandalia mazishi ya kitaifa.

Kizibao cha kilo 11 aliweza kukivua kila jioni baada ya mazoezi. Mzigo wa ndugu zake waliouawa hakuwa na pa kuutua.