Profesa Luigi Broglio, Aliyepima Hewa ya Juu kutoka Malindi

Wasomaji wetu wa huku Mbaha na kando yote ya Ziwa Nyasa wamekwisha kuona jambo hili. Mchana redio husikika kwa taabu, lakini usiku, wavuvi wa usipa wakiwa wamewasha taa zao majini, stesheni za mbali huingia wazi kabisa. Sababu yake iko juu sana. Kuanzia kilomita 60 hivi kwenda juu, miali ya jua huzipiga chembe za hewa na kuzitoa elektroni, na tabaka hilo lenye umeme laitwa ionosfia. Sehemu yake ya chini hunyonya mawimbi ya redio mchana, na jua likichwa hutoweka. Ndipo mawimbi hupanda hata sehemu ya juu, yakarudishwa chini mbali na yalikotoka.

Wataalamu wengi wamelichungua tabaka hilo. Mmoja wao alikuja kuifanya kazi hiyo katika bahari ya Afrika Mashariki, naye ni Profesa Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba, 1911, huko Mestre, karibu na Venice katika nchi ya Italia. Alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, akawa afisa mhandisi wa Jeshi la Anga, na baada ya vita akafundisha katika chuo kilekile, ambako tangu mwaka 1952 aliongoza shule ya uhandisi wa ndege. Kama angaliishia hapo, habari zake zisingalifika katika gazeti hili.

Mwaka 1957 Warusi walirusha setilaiti ya kwanza, na Wamarekani wakafuata mwaka 1958. Italia haikuwa na roketi ya kufikisha kitu huko juu. Hata hivyo, mwaka 1961 Broglio alikuwa akirusha roketi ndogo kutoka kisiwa cha Sardinia, zilizomwaga moshi wa sodiamu juu sana ili upepo wa huko uonekane. Mwaka huohuo yeye na mwanafizikia Edoardo Amaldi waliishauri Serikali yao kutengeneza setilaiti, nayo ikakubali. Mwaka 1962 mapatano yakafanywa na Marekani: Wamarekani watoe roketi iitwayo Scout na kuwafundisha Waitalia kuirusha, Waitalia watengeneze setilaiti na kutafuta mahali pa kurushia. Mpango ukaitwa San Marco, kwa jina la Mtakatifu Marko, msimamizi wa mji wa Venice.

Mahali alipopachagua Broglio ni Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, penye nyuzi 3 tu kusini ya Ikweta. Sababu ni rahisi, na kila mwanafunzi wa jiografia aweza kuifahamu. Dunia ikizunguka, mtu aliye kwenye Ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayorushwa hapo huupata mwendo huo bila kuchoma mafuta. Tena upande wa mashariki kuna bahari tupu, basi vipande vya roketi vikianguka havimwumizi mtu.

Hakujenga kwa fahari. Alichukua majukwaa ya chuma yenye miguu, yaliyokwisha kutumika kwa kazi nyingine, akayasimamisha baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni. Moja, Santa Rita, lilikuwa la kuchimbia mafuta. Jina hilo ni la mtakatifu ambaye Wakatoliki humwomba katika mambo yaliyoshindikana, nami nadhani wapo waliocheka waliposikia kuwa setilaiti itarushwa kutoka kwenye majukwaa makuukuu. Mwaka 1964, wakati uhuru wa Kenya ulikuwa bado mchanga, roketi ndogo za majaribio ziliruka kutoka Santa Rita. Tarehe 15 Desemba ya mwaka huo Waitalia waliirusha setilaiti yao ya kwanza, lakini huko Wallops, Marekani, ili kuthibitisha kwamba wamejifunza. Kisha tarehe 26 Aprili, 1967, San Marco 2, yenye uzito wa kilo 129, ikaruka kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa jirani ya Santa Rita. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye kile kilichokuwa ndani yake. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, na majukwaa yalikuwa yamekwisha kutumika kwa kazi nyingine, lakini mzani uliokuwamo ni wa Broglio mwenyewe. Hewa ya kilomita 200 juu ni nyembamba hata twaweza kusema hakuna kitu. Lakini chombo kipitacho humo kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde huzuiwa nayo kidogo kidogo mpaka kikaanguka. Kabla ya hapo wataalamu walikadiria uzito wa hewa hiyo kwa kuangalia setilaiti ilivyoshuka siku baada ya siku. Broglio alitaka kujua papo hapo. Akaifanya setilaiti kuwa tufe jepesi nje na kiini kizito ndani, akaviunganisha kwa mikono inayonepa. Hewa ilipolisukuma tufe, mikono ilinepa kidogo sana, na kipimo hicho kikaletwa ardhini kwa redio.

Chombo hichohicho kilituma pia mawimbi ya redio kupitia ionosfia. Wapokeaji walioko chini walipima jinsi mawimbi yalivyobadilika njiani, wakahesabu elektroni zilizomo katika anga la kwetu. Anga hili si kama la Ulaya. Elektroni hujikusanya katika matuta mawili, moja kila upande wa ikweta ya sumaku, na kwa kuwa ikweta hiyo hupita Ethiopia, tuta la kusini huwa juu ya nchi za Afrika Mashariki.

San Marco 2 ilianguka Oktoba 1967, ikivutwa chini na hewa ileile iliyokuwa ikiipima.

Kutoka hapo zilirushwa setilaiti 9 kwa roketi za Scout, na zote zilifika. Iliyo mashuhuri kupita zote iliruka tarehe 12 Desemba, 1970, siku kuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Hiyo ilichungua miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ya mwisho iliruka tarehe 25 Machi, 1988, nayo ilibeba tena mzani wa Broglio.

Profesa alifariki Roma tarehe 14 Januari, 2001, bila kuona roketi nyingine ikiruka kutoka Ungwana. Kituo cha Malindi kikapewa jina lake. Huko kuna mtambo wa kupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, na vipimo vyake huwasaidia watafiti kujua hali ya ionosfia hata leo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikisaidiwa na chuo kilekile alichofundisha Broglio, kilipata setilaiti ndogo, ya kwanza ya Kenya. Ilibebwa mpaka kituo cha anga cha kimataifa, ikaachiliwa kutoka huko.