Ibn al-Bawwab, Mtoto wa Bawabu

Mwandishi huyu jina lake ni Ali bin Hilal, wa Baghdad. Baba yake alikuwa bawabu, ndiyo asili ya jina Ibn al-Bawwab. Alianza kwa kutia nakshi nyumba, kisha vitabu, ndipo akajifunza khati. Qur'ani Tukufu aliihifadhi moyoni.

Akisimamia maktaba ya mtawala Bahaa al-Dawla mjini Shiraz, alikuta juzuu 29 za Msahafu ulioandikwa na waziri Ibn Muqla, bingwa wa khati aliyemtangulia. Moja ilipotea. Mtawala alimwahidi dinari 100 na joho la heshima akiiandika isitambulikane. Inasimuliwa kwamba alichagua karatasi kuukuu, akaandika, akatia dhahabu na kuifubaza, kisha akabandua jalada la juzuu ya zamani akaivisha hii mpya. (Ile ya zamani nayo akaitengenezea jalada jingine!) Baada ya mwaka mtawala alizipekua zote 30, asiitambue. Ahadi haikutimizwa, basi akaomba karatasi tupu za maktabani. Akapewa, akaziandikia miaka mingi.

Alifariki Baghdad mwaka 413 Hijria (1022). Msahafu wake wa mwaka 391 Hijria umehifadhiwa Dublin, Ireland, katika maktaba ya Chester Beatty. Ni khati ya naskhi, na irabu zimetiwa. Hata ninyi mngeusoma.