Sondre Norheim, fundi maskini aliyebadilisha mchezo wa ski

Kila mwaka, majira ya baridi yakifika, mamilioni ya watu wanafunga ski miguuni: mbao mbili ndefu na nyembamba za kuteleza juu ya theluji. Wengi wao hawajui kama namna wanavyozifunga na wanavyokata kona ilitengenezwa nyumbani kwa mkulima mmoja asiyekuwa na shamba lake mwenyewe. Mtu huyo ni Sondre Norheim.

Alizaliwa tarehe 10 mwezi wa sita mwaka 1825 huko Morgedal, kijiji cha jimbo la Telemark, kusini mwa inchi ya Norwe. Jamaa yake walikuwa watu maskini walioishi kwenye ardhi ya wengine na kuilipia kwa kazi ya mikono. Kule ski haikuwa starehe ya matajiri. Theluji ikifunga njia, ndiyo iliyomfikisha mtu msituni, kwa jirani na kanisani.

Ski za zamani zilishikwa na mkanda mmoja tu, kwenye vidole. Kisigino kilibaki huru. Mtu akiruka au akigeuka ghafula, ski ilichomoka mguuni. Ndiyo maana wengi walitelemka moja kwa moja, wakiegemea fimbo ndefu ili kupunguza mwendo.

Norheim alisokota vijiti na mizizi laini ya miti kama kamba, akaizungusha nyuma ya kisigino. Hapo mguu na ski vikawa kitu kimoja: aliweza kuruka na kutua bila kupoteza ski. Kiisha akachonga ski fupi kuliko za kawaida, nyembamba katikati kuliko mbele na nyuma. Ski ya namna hiyo ikiinamishwa upande, ukingo wake unauma theluji na kumgeuza mtu pasipo nguvu nyingi.

Ubao wenyewe ulitaka matunzo. Ukiachwa hivi hivi unakunywa maji, unakuwa mzito, na theluji inagandamana nao. Kwa hiyo watu wa Norwe wakati ule walipaka chini ya ski utomvu mweusi wa msonobari, wakaupasha moto mpaka uingie ndani ya mbao. Kazi hiyo ilifanyika nyumbani, karibu na moto.

Mwezi wa pili mwaka 1868, Norheim alikwenda kushindana Christiania, mji mkuu ambao leo unaitwa Oslo. Alisafiri karibu kilometa 200 akiwa juu ya ski. Alikuwa na miaka 42, baba wa watoto, mbele ya vijana. Watu wa mji walimuona akiruka bila fimbo, akitua akiwa amesimama, kisha akigeuka vizuri. Alishinda. Tangu siku hiyo namna ya Telemark ikaanza kuenea. Vijana wawili wa Morgedal, ndugu Mikkel na Torjus Hemmestveit, waliifundisha wengine katika mji mkuu. Hata neno slalom limetoka katika lugha ya watu wa Telemark.

Sifa zilikua, lakini mfuko ulibaki mtupu. Mwaka 1884, akikaribia miaka 60, Norheim alivuka bahari pamoja na mke wake Rannei na baadhi ya watoto wao, kama walivyofanya maelfu ya maskini wa Norwe. Walifikia Minnesota, huko Marekani, kisha wakahamia Dakota Kaskazini. Ni inchi ya tambarare. Theluji ilikuwepo tele, lakini milima ya kutelemka haikuwepo.

Alifariki huko tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka 1897. Kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa na alama yoyote.

Heshima ilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1952, Oslo ilipopokea Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, moto wa mwenge uliwashwa ndani ya nyumba yake ndogo ya Morgedal, mahali pa kuota moto. Watu 94 waliupokezana juu ya ski mpaka Oslo. Mwaka 1960, kwa michezo iliyofanyika Marekani, moto uliwashwa tena Morgedal.

Leo ski zinatoka viwandani, na mahali pa utomvu wengi wanapaka nta. Lakini ukiitazama moja kutoka juu, utaona bado ni nyembamba katikati, kama zile Norheim alizochonga kwa mkono wake.