Mtemi Mirambo: Mtu Aliyejua Bei ya Njia Yake

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wadogo zetu mlio madarasani leo, nimeombwa niandike habari za mtu mmoja mashuhuri wa nchi hii ya kati. Nimemchagua Mtemi Mirambo wa Urambo. Wengi humkumbuka kwa vita vyake. Mimi, kwa kazi yangu ya serikali hapa Dodoma, nimekaa katika vikao vingi vya mapatano, na kila mara hukumbuka upande wake mwingine: Mirambo aliyejua kupatana, na siku aliyoshindwa kupatana.

Alizaliwa yapata mwaka 1840 huko Uyowa, magharibi ya Tabora, mtoto wa Mtemi Kasanda. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtyela. Wakati huo pembe za ndovu kutoka Ujiji, Karagwe na Buganda zilipita Unyanyembe, zikavuka Ugogo, zikashuka Bagamoyo. Kila mtemi alitoza ushuru wa kupita ulioitwa hongo. Neno hilo halikuwa na maana ya rushwa kama leo. Wagogo walipata hongo nzuri kwa sababu moja tu: nchi yao ni kavu, na msafara usiopewa maji usingefika mbali. Hilo ndilo jambo la kwanza la kupima kabla ya kuketi na mtu: ana shida gani ambayo wewe ndiwe mwenye kuiondoa?

Jambo la pili ni kujua mwenzako atafanya nini akikukataa. Mtemi Mnwa Sele wa Unyanyembe aliwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu waliokaa Tabora. Walimpiga vita wakamfukuza, na kiti chake wakakipa mtu wao, Mkasiwa. Mnwa Sele alidai haki yake, lakini alidai katikati ya watu wenye bunduki waliokwisha kujenga nyumba katika nchi yake. Mirambo alikuwa na nafasi nzuri zaidi. Nchi yake ilikuwa mbali kidogo na Tabora, nayo ilikaa juu ya njia ya Ujiji. Akaunganisha nchi ndogo ndogo zilizomzunguka, akakusanya vijana wa ruga-ruga na bunduki, ndipo akaanza kudai.

Mwaka 1871 aliuzuia msafara uliokuwa ukienda Ujiji. Stanley, aliyekuwapo Tabora siku zile, anasimulia kwamba msafara ule ulitakiwa baruti, bunduki na nguo. Baada ya mabishano marefu ukalipa, kisha ukaambiwa urudi ulikotoka. Hapo pana somo. Ukichukua bei na bidhaa usitoe, umekwisha kufunga mlango wa maneno. Waarabu wakachagua vita, na Stanley akaingia upande wao. Walikiteka kijiji kimoja cha Mirambo, lakini walipokuwa wakirudi na nyara aliwavizia njiani akawaua wengi. Mwezi Agosti akaishambulia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wao, akauawa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini kwa safari ndefu ndipo akafika Ujiji alikokuwa Livingstone.

Jambo la tatu ni muda. Kila mwezi ambao njia ilifungwa, Waarabu wa Tabora walikuwa na madeni ya kulipa pwani. Lakini Mirambo naye alihitaji baruti na nguo, na hizo zilitoka pwani hiyo hiyo. Sultani Barghash wa Zanzibar alipeleka askari bara, nao hawakumshinda. Ilipofika katikati ya miaka ya 1870 pande zote mbili zilikuwa zimechoka. Hakuna aliyeweza kumfuta mwenzake, na kila upande ulipata hasara kwa kuendelea. Hapo ndipo mapatano yakawezekana, na biashara ikafunguliwa tena.

Jambo la nne ni jina jema, na hapa Mirambo alionyesha akili kubwa. Aprili 1876 alikutana na yule yule Stanley aliyempiga vita, wakachanjiana udugu wa damu. Mwaka 1879 akampokea mmisionari daktari, Southon, aliyekaa Urambo hadi kufa kwake mwaka 1882. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alianza kumwona kuwa mtemi wa kushirikiana naye. Mirambo alikuwa akijitafutia rafiki mwingine, ili Zanzibar isiwe mlango wake pekee.

Kazi hiyo ya miaka ikaharibika katika siku moja. Mwaka 1880 majeshi yake yalishambulia mji mmoja huko Mpimbwe, na Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika kazi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wakauawa humo. Mirambo alijitetea kwamba hakukusudia. Huenda ni kweli, lakini Kirk alimpa kisogo. Mwenye jeshi huhesabiwa kila linalotendwa na jeshi lake, hata akiwa hayupo. Nasi tunaotumwa kuzungumza kwa niaba ya ofisi zetu tulikumbuke hilo.

Mirambo aliugua akafa tarehe 2 Desemba 1884. Mwezi huo huo, mashariki ya Ugogo, Mjerumani Carl Peters alikuwa akipita kwa watemi na majumbe wa Usagara na jirani zake, akiwatia sahihi katika karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazitambua karatasi zile. Wale wazee walikuwa na ardhi, maji na njia, vitu vyote ambavyo mgeni alivihitaji. Walichokosa ni kujua karatasi ilisema nini.

Vijana wetu, kesho ninyi ndio mtakaoketi mezani kwa ajili ya nchi hii. Pimeni shida ya mwenzenu, njia yake ya pili, muda wake na jina lenu. Lakini kwanza someni kilichoandikwa, mstari kwa mstari, kabla ya kushika kalamu. Hilo mnaweza kuanza kujizoeza leo, katika madawati yale yale tuliyokalia sisi.