Jigoro Kano: Baba wa judo aliyesita kuipeleka Olimpiki

Karate ilishindaniwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, kisha ikaondolewa. Brekidansi ilionekana Paris mwaka 2024, nayo haimo katika ratiba ya Los Angeles ya mwaka 2028. Kila orodha inapopangwa upya, huzuka mjadala ule ule: je, michezo isiyozoeleka inastahili nafasi kwenye Olimpiki?

Swali hilo lina upande wa pili, ambao aghalabu husahaulika: je, Olimpiki inaifaa kila michezo? Mmoja wa waliolitafakari ni Mjapani Jigoro Kano, mwasisi wa judo. Kwa karibu miaka 30 alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, lakini hakuongoza kampeni ya kuuingiza humo mchezo alioubuni mwenyewe.

Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na mji wa Kobe. Baada ya mama yake kufariki, baba yake alimpeleka Tokyo kusoma. Kijana huyo alikuwa mfupi na mwembamba, na wenzake wenye miraba minne walimwonea shuleni. Ndipo aliposikia habari za jujutsu, mbinu za kale za kupigana kwa mikono mitupu, ambazo humwezesha mnyonge kumwangusha mwenye nguvu.

Kumpata mwalimu hakukuwa rahisi. Kufuatia mageuzi ya mwaka 1868, tabaka la wapiganaji wa samurai lilipoteza hadhi yake na Japani ikaelekeza macho nchi za Magharibi. Jujutsu ilidharauliwa kama masalia ya zama zilizopita. Hata hivyo Kano alijifunza kwa walimu wa mikondo mbalimbali, huku akiendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Tokyo.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Kibudha la Eishoji mjini Tokyo. Ukumbi ulikuwa na mikeka 12 tu, na wanafunzi wa mwanzo walikuwa 9.

Alichokifundisha alikiita judo, yaani njia ya upole. Mbinu za hatari aliziondoa katika mapambano ya mazoezi, akazihifadhi katika mafunzo yenye mpangilio maalumu, ili wanafunzi wapambane kwa nguvu zao zote na bado warudi nyumbani wazima. Badala ya kushindana na mpinzani kwa misuli, mwanafunzi alifundishwa kumyumbisha na kuutumia msukumo wake kumwangusha. Kano alianzisha pia utaratibu wa madaraja, ambao baadaye uliigwa na karate na michezo mingine ya aina hiyo.

Juu ya yote, Kano alikuwa mwalimu. Kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo cha ualimu cha serikali mjini Tokyo, na kwake judo ilikuwa njia ya kuulea mwili, akili na tabia. Ni sifa hiyo ya ualimu iliyomfikisha IOC. Mwaka 1909 alikuwa mjumbe wa kwanza kutoka bara la Asia, na mwaka 1912 aliongoza msafara wa kwanza wa Japani kwenye Olimpiki, mjini Stockholm. Msafara huo ulikuwa na wanariadha wawili tu.

Katika kamati hiyo aliupigania mji wa Tokyo, si judo. Mwaka 1936, akizungumza na Gunji Koizumi, mwalimu wa judo aliyeishi London, alieleza kwamba hangepinga iwapo mataifa mengine yangetaka judo iingizwe, lakini yeye hakuona sababu ya kulianzisha jambo hilo. Aliiona judo kuwa zaidi ya mchezo, na alihofia kwamba ushindani wa mataifa ungeupotosha mwelekeo wake.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka huo huo wa 1936 Olimpiki ilifanyika Berlin chini ya utawala wa Hitler, na Tokyo ikateuliwa kuandaa michezo ya mwaka 1940. Mwaka uliofuata Japani iliingia vitani dhidi ya China. Machi 1938, katika mkutano wa IOC mjini Cairo, Kano aliutetea mji wake kwa mara ya mwisho. Tarehe 4 Mei, akiwa safarini kurejea nyumbani, alifariki ndani ya meli Hikawa Maru, akiwa na umri wa miaka 77. Miezi miwili baadaye Japani ilijitoa kuandaa michezo hiyo.

Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, michezo ilipofika Tokyo hatimaye. Wajapani walitwaa dhahabu tatu, lakini ile ya wazi kwa uzani wote ilikwenda kwa Mholanzi Anton Geesink. Wengi nchini humo walihuzunika. Wengine waliona huo ndio uthibitisho kwamba judo imekuwa mali ya dunia. Mwaka 1968 iliachwa, ikarudi mwaka 1972, na wanawake wakaanza kuwania medali mwaka 1992.

Faida za nafasi hiyo zinaonekana. Shirikisho la kimataifa la judo lina wanachama zaidi ya 200, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki. Gharama zake pia zinaonekana. Mapambano yaligawanywa kwa uzani, ingawa Kano aliuanza mchezo ili mdogo amshinde mkubwa. Vazi jeupe liliongezewa la buluu ili watazamaji wa televisheni watofautishe wapinzani. Tangu mwaka 2010, mbinu za kushika miguu zimewekewa vikwazo.

Mwaka 1922 Kano alimwalika Kodokan mwalimu wa karate Gichin Funakoshi, aliyetoka Okinawa, aonyeshe sanaa yake. Takriban karne moja baadaye karate iliingia Olimpiki na kutoka, na bado inafundishwa katika miji mingi duniani. Kodokan nayo ipo Tokyo hadi leo. Wengi wanaofanya mazoezi humo hawatawania medali yoyote, na ni kwa ajili ya watu kama hao Kano alitandika mikeka yake 12.