Hugh Trowell: Tabibu Aliyehoji Chakula Chetu

Katika misiba ya Makorora, hapa Tanga, tumekwisha kuizoea simulizi moja: marehemu jana alikuwa mzima, akala, akalala, asiamke. Wapo wanaosema ni kazi ya Mungu. Wapo wanaonong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, na macho huanza kumwelekea jirani au bibi kizee asiye na mtetezi. Ni wachache wanaouliza habari za moyo na mishipa ya damu. Swali hilo la wachache ndilo lililomshughulisha kwa miaka mingi Daktari Hugh Trowell.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Mwaka 1929 alifika Kenya akiwa daktari wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1935 akahamia Uganda, akatibu Mulago na kufundisha utabibu Makerere. Huko alikutana na watoto waliovimba miguu, nywele zikibadilika rangi. Mwanzoni aliandika kwamba ugonjwa ule ni pelagra. Uchunguzi ulipomwonyesha kwamba amekosea, hakuona haya kuuacha msimamo wake, akawa miongoni mwa watetezi wakubwa wa ukweli kuhusu ugonjwa huo, ambao leo twauita unyafuzi. Mwaka 1954, yeye na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu yake.

Hata hivyo, alitazama pia kile kisichoonekana wodini. Ugonjwa wa moyo utokanao na kuziba kwa mishipa, uliokuwa ukiua watu wengi Ulaya na Marekani, ulikuwa nadra mno kwa Waafrika aliowatibu. Ulikuwa nadra kiasi kwamba mwaka 1956, yeye na mwenzake Singh walichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja tu Mwafrika.

Alistaafu utumishi wa Uganda mwaka 1958, akarudi kwao, akawekewa mikono kuwa kasisi wa Kanisa Anglikana, na kuhudumia parokia ya mashambani karibu na Salisbury. Lakini swali lile halikumwachia. Katika uzee wake alishirikiana na Denis Burkitt, tabibu mwenziwe wa enzi za Uganda, na mwaka 1972 akaandika kwamba nyuzinyuzi za nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga zilikuwa kinga ya moyo. Mwaka 1975 wakahariri pamoja kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi yake.

Jambo lenyewe laeleweka. Lehemu, yaani kolesteroli, husafiri katika damu ikiwa ndani ya chembe ziitwazo lipoprotini. Zile za LDL zikizidi, lehemu hujipachika katika kuta za mishipa. Zile za HDL huirudisha lehemu kwenye ini. Ini hutumia lehemu kutengeneza nyongo. Nyuzinyuzi ziyeyukazo, kama zile za maharage, huinasa nyongo tumboni na kutoka nayo, hivyo ini hulazimika kuchota lehemu nyingine katika damu. Utafiti wa baadaye ulisahihisha baadhi ya mawazo yake, kwa maana si kila aina ya nyuzinyuzi hufanya kazi hiyo, na tumbaku, chumvi na mafuta vina sehemu yao. Lakini njia aliyoionyesha ilikuwa ya kweli. Alifariki mwaka 1989.

Wapendwa, yaliyokuwa nadra machoni pake leo yamo nyumbani mwetu. Dona imepisha sembe nyeupe. Kunde, mihogo na matembele vimepisha chipsi na maandazi, nasi twahesabu hayo kuwa maendeleo. Bibi zetu hawakujua jina la lipoprotini, lakini chungu chao kilikuwa na kinga.

Maisha ya Trowell yatufundisha kwamba kutafuta chanzo cha ugonjwa si upungufu wa imani. Aliyemwamini Mungu alizidi kuuliza, na alipokosea alijisahihisha. Basi tuwaombee marehemu wetu, tuuache uvumi uuao jina la jirani asiye na hatia, na tulio hai twende hospitalini tupimwe shinikizo la damu na lehemu. Mwili ni amana tuliyokabidhiwa, na hesabu yake tutaulizwa.